Kufundisha Kihispania kwa slaidi: maswali yenu

Assalaam alaykum. Nafundisha Kihispania jioni kwa vijana wa hoteli. Slaidi yangu ya "ser" na "estar", vitenzi viwili vya "kuwa", ina jedwali la vyote viwili, kanuni saba na mifano 12. Wanafunzi wanainakili yote, na wiki ya pili bado wanasema "soy cansado" badala ya "estoy cansado", nimechoka. Nibadilishe nini?
*Mwalimu, Kikwajuni*

Waalaykum salaam, mwalimu. Anza kwa kufuta kanuni zote saba. Ile maarufu kuliko zote, kwamba "ser" ni ya mambo ya kudumu na "estar" ni ya mambo ya kupita, ilitungiwa watu ambao lugha yao ina kitenzi kimoja tu mahali hapo. Na haifiki mbali: mtu aliyekufa ni "está muerto", wala hatarajiwi kurudi.

Mswahili hana haja ya kuzungukia huko. Kiswahili chenyewe kimeshagawa kazi hii. Tuna "ni" kwa kusema mtu ni nani au yukoje kwa asili yake. Tuna -ko, -po na -mo kwa mahali. Tuna -me- kwa hali ambayo mtu au kitu kimeshaifikia. "Ser" inakwenda na ya kwanza, "estar" inakwenda na hizo mbili zilizobaki. Tengeneza slaidi nne, kila moja na jambo lake:

Ya kwanza: "Asha ni mwalimu, Asha es profesora. Asha ni mrefu, Asha es alta." Basi. "Ni" na "es" zipe rangi moja, maneno mengine yote yabaki meusi.

Ya pili: "Asha yuko Chake Chake, Asha está en Chake Chake." Rangi nyingine kwa "yuko" na "está".

Ya tatu ndiyo yenye faida kubwa: "Asha amechoka, está cansada. Asha amekaa, está sentada. Mlango umefungwa, la puerta está cerrada." Hapa "soy cansado" inakufa, kwa sababu mwanafunzi hawezi kusema "mimi ni mchoka".

Ya nne: sentensi sita za Kiswahili peke yake, zimechanganywa. Onyesha moja, hesabu kimya hadi tano, darasa lijibu, ndipo ufungue Kihispania. Zile sekunde tano usizile. Walimu wengi hufungua jibu mara moja, na hapo mwanafunzi anasoma tu, hakumbuki kitu.

Daraja hili lina nyufa tatu, nazo zingojee kipindi kinachofuata. Kwanza, -me- ya kitendo haimo: "amekula" ni "ha comido" na "amefika" ni "ha llegado". Kipimo ni picha: hali unayoweza kuipiga picha sasa hivi, kama kukaa, kulala au kufungwa, ndiyo ya "estar". Pili, Kiswahili husema "ni mgonjwa" na "chai ni moto", lakini Kihispania ni "está enfermo" na "el té está caliente". Tatu, shughuli: sisi tunasema harusi iko Forodhani, wao wanasema "la boda es en Forodhani", kwa maana ya kufanyika. Mtu akiwa Forodhani, "está". Harusi ikiwa Forodhani, "es".

Na lile jedwali? Lichapishe kwenye karatasi walibandike daftarini. Skrini si pa kuhifadhia majedwali.

Nawaandaa vijana wanaoongoza wageni kwenye mashamba ya viungo. Nina slaidi 40 za picha na majina. Siku ile ile wanayajua, baada ya siku tatu yamebaki machache. Na matamshi yao hayaeleweki.
*Mkufunzi, Kizimbani*

Arubaini kwa siku moja ni nyingi mno. Chukua manane hadi kumi, na kipindi kinachofuata fungua kwa picha za jana bila maandishi, ukiwa umezichanganya na za wiki iliyopita. Kinachokaza neno ni kulitafuta kichwani likiwa limeanza kupotea. Kuliona tena skrinini hakusaidii sana.

Matamshi yanaharibika kwa sababu maandishi yanafika kabla ya sauti. Kijana akiona "jengibre", tangawizi, analisoma kwa j ya "jengo", na limeshaingia hivyo. Kumbe ni "khenkhibre", kwa kh ile ile ya "kheri": j kila mahali, na g mbele ya e au i. Vijana waliopita chuo cha Kurani wanayo sauti hii tayari, hawahitaji kufundishwa, wanahitaji kuambiwa tu kwamba ndiyo hiyo. Wanayo pia th ya "thamani", ambayo Wahispania wengi huitumia kwa z na kwa c iliyo mbele ya e au i. Wageni wa Amerika ya Kusini hutamka s hapo, na zote mbili zinaeleweka. H haitamkwi kabisa.

Kwa hiyo kila neno lipate slaidi tatu zinazofuatana: picha peke yake, nawe ulitamke mara tatu, darasa likufuate, kisha picha ile ile na kitambulishi chake, "el" au "la", mwisho neno zima. Kitambulishi kiwe sehemu ya neno tangu mwanzo: el clavo, la canela, el cardamomo, la nuez moscada, la pimienta, el jengibre, la cúrcuma, la vainilla. Kwa karafuu andika "clavo de olor" kamili, maana "clavo" peke yake ni msumari vilevile.

Jambo la mwisho ni mkazo, na hapa Waswahili hujikwaa wasijue. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na Kihispania hufanya hivyo kwa maneno mengi yanayoishia na vokali, n au s. Ndiyo maana "canela" na "pimienta" hazina shida. Yanayoishia na konsonanti nyingine hukazwa mwisho, kama "hotel", na alama juu ya vokali huonyesha neno lililotoka nje ya kanuni. Wengi wanasema "curCUma", ni "CÚRcuma". Kwenye slaidi ya tatu ikuze silabi yenye mkazo kwa wino mzito. Na waonyeshe jozi hii wajue si pambo: "hablo", nasema, "habló", alisema.

Natumia bluu kwa "el" na nyekundu kwa "la". Je, inatosha?
*Mwalimu wa skuli, Mkoani*

Rangi pekee haitoshi. Projekta iliyochoka huzifanya zote mbili kuwa kijivu, ukichapisha kwa wino mweusi zinapotea, na wapo wanaume wasiotofautisha baadhi ya rangi. Ongeza mahali: ya "el" yakae kushoto daima, ya "la" kulia daima. Nyekundu na kijani usizipange pamoja.

Upatanisho wenyewe usikutishe. Anayesema "kitabu kizuri, vitabu vizuri" bila kufikiri ataelewa "libro bonito, libros bonitos" kwa dakika moja, na ngeli zao ni mbili tu, ya kiume ("el") na ya kike ("la"). Tenga slaidi moja ya wakorofi, maneno ambayo mwisho wake unadanganya ngeli: el día, el mapa, el problema, la mano, la foto. Na "el agua", ambalo ni la kike ingawa linaanza na "el": "el agua fría", wingi "las aguas".

Herufi ñ inatokea kama kiboksi nikipeleka faili kwenye kompyuta nyingine. Na kuiandika kwenyewe ni kazi.
*Mwanafunzi wa ualimu, Unguja*

Kiboksi maana yake fonti uliyotumia haina herufi hiyo, au haipo kwenye mashine ya pili. Tumia Arial. Ukishikilia fonti nyingine, kwenye PowerPoint ya Windows ingia File, Options, Save, uweke tiki kwenye Embed fonts in the file.

Kuandika: shikilia Alt ukibonyeza namba za upande wa kulia wa kibodi: 164 kwa ñ, 165 kwa Ñ, 168 kwa ¿, 173 kwa ¡, halafu 160 kwa á, 130 kwa é, 161 kwa í, 162 kwa ó, 163 kwa ú. Kompyuta mpakato nyingi hazina namba hizo pembeni. Hapo ongeza kibodi ya Kihispania kwenye mipangilio, ubadilishe kwa kitufe cha Windows na nafasi. Ñ itakuwa kulia kwa L. Kwenye simu bonyeza n bila kuachia.

Usiiache kwa uvivu. "Tengo 20 años" ni "nina miaka 20". Bila kimstari kile sentensi inataja kiungo cha mwili ambacho hakitajwi barazani.

Slaidi za kurithi nazo zikague: zikisema alfabeti ina herufi 29, ni za zamani. Tangu 2010 zinahesabiwa 27, kwani "ch" na "ll" haziingizwi tena.

Chumba chetu kina madirisha makubwa na umeme hukatika. Kuna maana ya kuhangaika na slaidi?
*Kikundi cha lugha, Wete*

Ipo, mkiziandaa kwa kujua hivyo. Kwenye mwanga mwingi tumieni maandishi meusi juu ya nyeupe, kwa sababu mandharinyuma meusi hugeuka kijivu na maneno yanafifia. Herufi zisipungue pointi 32, mistari isizidi sita. Shuka jeupe litundikwe ukuta wa upande wenye madirisha, baina yake, ili jua lisiliangukie usoni. Projekta yenye mwanga wa chini ya lumeni 3,000 haitawafaa mchana. Kwa watu kumi au kumi na wawili, televisheni na waya wa HDMI ni bora zaidi.

Umeme ukikatika projekta ya taa hubaki na joto bila feni, na huko ndiko taa zinakoungulia. Ukirudi ngojeni dakika chache kabla ya kuwasha.

Msitegemee maneno yanayoruka na kufunikana. Ukigeuza faili kuwa PDF kwa ajili ya simu, au ukichapisha, tabaka zote hujitokeza pamoja na hakuna kinachosomeka. Badala yake rudufuni slaidi kwa Ctrl na D, muongeze neno moja kwenye nakala. Faili litakuwa refu, lakini litafunguka popote. Mkichapisha slaidi sita kwa ukurasa, kipindi kinaendelea hata gizani kwa tochi ya simu. Na mnapotaka darasa liwatazame nyinyi, bonyezeni B: skrini inakuwa nyeusi hadi mbonyeze tena.

Kwa "nyinyi", tufundishe "vosotros" au "ustedes"?
*Mwongoza watalii, Nungwi*

"Ustedes". Inaeleweka kote, na kwa mgeni ndiyo yenye heshima. "Vosotros" ipate slaidi moja ya kusikiliza tu, "¿de dónde sois?", mnatoka wapi, maana Wahispania watawasemesha hivyo. Jibu linabaki lile lile: "somos de Zanzíbar", tunatoka Zanzibar.