Barua kwa mwanangu: nani analala ndani?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema wakala wa bima amekuletea bei mbili, moja ya nyumba ya Goba mnayoishi na mkeo, nyingine ya ile ya Kigogo yenye wapangaji wanne. Ya Kigogo ada yake imezidi, ingawa nyumba ni ndogo. Unaniuliza ipi ina nafuu, na kama kuna ubaya zote mbili zikiandikwa nyumba za makazi, "maana Mama, zote ni zangu na zote watu wanakaa."

Swali la nafuu nitalifikia. Kwanza nikuulize mimi: nani analala ndani? Kwamba nyumba ni zako hakuna anayekubishia. Bima inataka kujua nani analala ndani, nani anapika, nani anafunga mlango usiku. Fomu inaweza kulizungusha swali hilo kwa maneno marefu, lakini ni hilo hilo.

Mambo ya Magomeni uliyasikia nusu nusu, ulikuwa bweni, kidato cha pili. Unakumbuka tulihama 2004, baba yako alipomaliza kuezeka hapa Tabata. Vyumba vya kule tukavipangisha. Bima tulikuwa tumeikata tukiwa bado tunaishi humo: jengo, pamoja na vyombo vyetu vya ndani, kabati, friji, ile redio ambayo mlikatazwa kuigusa. Tulipohama, vyombo tukavibeba na bima tukaiacha kama ilivyokuwa. Kila mwaka tukalipa, tukaweka risiti kwenye mkoba. Tulikuwa tunalipia kabati ambalo halimo, na watu saba waliomo karatasi haiwajui.

Ukaja 2006, mwaka wa mgao mkali wa umeme. Yule mwanafunzi wa chumba cha tatu alikuwa anajisomea kwa mshumaa, ameugandisha juu ya kifuniko cha ndoo ya plastiki. Usingizi ukamchukua. Tulipigiwa simu saa nane usiku. Tukashukuru Mungu kwamba wote walitoka, lakini paa la upande wa uani lilikwisha lote, na vyumba vitatu chini yake.

Kulipokucha nilimkuta fundi cherehani, yule wa chumba cha mbele ya choo, amechuchumaa. Meza ya mbao ya cherehani imeungua, chuma kimebaki, na akilisukuma gurudumu linazunguka. Kando yake vitambaa vya sare ya harusi ya watu vilikuwa bonge moja jeusi lililogandana. Akaniuliza, "Mama mwenye nyumba, bima si mnayo?" Nikamjibu ipo, usiwe na wasiwasi. Nilimjibu pale pale, bila kufikiri, na mpaka leo jibu lile linaniuma kuliko paa.

Maana hata kama mambo yetu yangekuwa sawa, ile bima isingemlipa cherehani chake. Bima ya mwenye nyumba inalinda jengo na mali ya mwenye nyumba. Godoro la mpangaji, televisheni yake, cherehani chake, ni juu yake kuvikatia bima mwenyewe. Labda hasara iwe imetokana na uzembe wetu, tuseme nyaya mbovu tulizoambiwa tukazipuuza. Hapo kama tungekuwa na kipengele cha dhima kwa watu wengine, yaani kinacholipa hasara tuliyomsababishia mtu mwingine, angeweza kudai kupitia hicho. Mshumaa haukuwa uzembe wetu. Yeye hakuyajua hayo, na mimi pia sikuyajua, lakini nilisema ipo.

Mkadiriaji wa hasara alikuja na futi na daftari. Kijana mpole, alivua viatu kwenye kibaraza kama ilivyo adabu. Akapima kuta, akasimama chumba cha tatu, akauliza, "Hapa alikuwa analala nani?" Baba yako akamwambia kweli. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua: matumizi ya nyumba yamebadilika na kampuni haikupewa taarifa, dai limekataliwa.

Marehemu baba yako alikufa akiamini tulionewa. Alikuwa akisema, mbona ada walipokea miaka miwili bila kuuliza? Na kweli, nikilifikiria hilo hasira hunirudia. Wakala wao alikuwa anapita mtaani, anawaona wapangaji kwa macho yake. Lakini ada ndogo tuliyokuwa tunalipa ni ya nyumba yenye familia moja, jiko moja, mtu anayejua taa ipi imeachwa. Sisi tulikuwa na majiko ya mkaa manne kwenye korido. Nami nisijifiche: risiti ya mwaka ule nililipa mimi kwa mkono wangu, na nililiona neno "makazi ya mwenyewe". Nikalipita. Nilidhani ni maneno ya karatasi tu.

Kilichotumaliza zaidi ilikuwa kodi. Wapangaji walikuwa wamelipa ya miezi sita mbele, na pesa zilikwisha kwenye ada zenu za shule. Ikabidi turudishe, huku vyumba havikaliki wala haviingizi kitu. Ndiyo maana nakwambia usiitazame bei ya Kigogo peke yake, tazama ndani yake kuna nini. Bima ya nyumba ya kupangisha iliyotimia huwa na kipengele cha kodi iliyopotea: nyumba ikiungua, wanakulipa kodi ambayo ungepata kwa muda wa matengenezo, mpaka ukomo mliokubaliana. Ya Goba hiyo huihitaji, huko unahitaji vyombo vyako vya ndani. Kigogo vyombo vyako ni nini? Tangi la maji na pampu. Mwambie aandike hivyo, usilipie makochi ya wapangaji ambayo hutafidiwa.

Uliza pia wapangaji wakihama na nyumba ikakaa tupu. Kampuni nyingi zinaweka ukomo wa siku, mara nyingi 30, na baada ya hapo wizi au uharibifu hawalipi mpaka uwe umewajulisha.

Na mafuriko, mwanangu! Kigogo kwako unashuka hatua chache unaona bonde la Msimbazi. Desemba 2011 ulikuwepo, uliona maji yalivyofanya, watu wa Jangwani wakapelekwa Mabwepande. Usikubali kuambiwa "moto na majanga mengine". Neno mafuriko liandikwe, au uambiwe wazi kwamba halimo. Goba kwenye kilima sina wasiwasi sana.

Thamani nayo usiishushe ili ada ipungue, najua hesabu zako. Kiwanja hakiungui, kwa hiyo hesabu gharama ya kujenga upya tu, lakini ihesabu yote. Kama kuijenga Goba upya ni milioni 80 nawe ukaandika 40, moto ukala jiko la milioni 20, watakupa 10. Watasema nusu nyingine umejibebea mwenyewe, na masharti ya mkataba wa bima huwaruhusu. Kama benki bado ina hati yako, bima waliyokukatia ya mkopo isome upya, huenda inalinda jengo tu na deni lao, vyombo vyako havimo.

Siku hizi mna bahati. Sheria ya Bima ya 2009 imeleta msuluhishi wa migogoro ya bima, ukikataliwa una pa kwenda. Sisi tulikuwa na barua moja na hatukujua pa kuipeleka. Ila hata msuluhishi atauliza nani alikuwa analala ndani.

Sasa unataka niseme ipi ukate. Kinywa kinaniwasha. Najua ada ya Kigogo ni kama kodi ya chumba kimoja ya miezi kadhaa, na mtoto anaanza shule Januari. Najua pia nyumba nyingi za mtaa huo hazina bima yoyote na zimesimama. Nikisema lipa, utasema Mama anaogopa moto wa zamani. Labda ni kweli naogopa. Nyumba ni zako, pesa ni zako, sitasema. Lakini kuandika Kigogo nyumba ya makazi yako, hilo hapana.

Yule fundi tulimrudishia kodi yake kwanza kabla ya wote, na baba yako akamtafutia meza. Harusi ya watu ilipita bila sare.

Karatasi ya Magomeni bado ipo kwenye mkoba wa baba yako, chini ya hati. Njoo nayo hiyo fomu ya wakala Jumapili kabla hujatia sahihi, tuziweke pamoja mezani nikuonyeshe lile neno lilipokuwa.

Mama yako
Tabata