Usiuvute upinde wa babu siku ya kwanza

Kijana mmoja wa Kitui ameniandikia wiki hii. Amekuta upinde wa babu yake jikoni, kamba imeoza, naye anataka kuuvuta Desemba ukoo ukikutana. Ndugu yangu, ngoja. Nilipita njia hiyohiyo.

Babu yangu aliutundika wake uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Ukakaa juu ya moshi zaidi ya miaka 30. Nikaufunga kamba ya nailoni ya dukani, nikauvuta mpaka sikioni mbele ya binamu zangu. Ukalia ka! Kipande cha juu kikapita karibu na jicho langu. Mjomba alikiokota, akakifuta vumbi kwa shati lake, asiseme neno. Kimya kile kinaniuma hadi leo.

Upinde wa pili, wa kaka yake nyanya, sikuuharakisha. Niliuondoa juu ya moshi wa jikoni, nikauacha chumbani wiki 3, maana mti uliokauka kupita kiasi hukatika kama kuni. Nikapitisha kidole mwili mzima nikitafuta nyufa. Ufa ukikata mti kwa upana, rudisha upinde ukutani, usibishane nao. Ugwe, yaani kamba ya upinde, niliusokota mwenyewe kwa kano za ng'ombe, nikauacha mrefu, upinde ujikunje kidogo tu. Kila siku nilivuta nusu, mara 20, nikitazama kama mikono yote miwili ya upinde, wa juu na wa chini, inajipinda sawa, ndipo nikaufupisha ugwe kidogo. Usiachie kamba bila mshale kamwe. Nguvu yote hurudi kwenye mti. Ukimaliza, fungua kamba.

Na mishale ya zamani iliyomo kwenye podo usiiguse mikono mitupu! Sumu ile, ivai, husimamisha moyo, na miaka haitoshi kuiondoa. Tafuta mishale mipya isiyo na kitu.

Vijana tunataka picha, hatutaki kusubiri. Wazee walilala njaa wakimngoja mnyama mmoja, sisi mwezi mmoja unatushinda. Subiri, nakuomba. Subiri tena.

Desemba iliyopita nilirusha mshale wa kwanza, hatua 20, kwenye gunia la majani, nyuma yake kichuguu, watoto wote wakiwa mgongoni mwangu. Ukazama. Mjomba yuleyule akaja, akauchukua upinde mkononi mwangu, akaifungua kamba mwenyewe, akaenda kuutundika.