Sikatwi mshahara, je, silipi kodi?

Swali: Mimi ni mshonaji. Kipato changu hakifikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato, na jirani hunicheka eti silipi kodi. Ni kweli?

Jibu: Hata kidogo, dada. Kila ununuapo sabuni yenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ndani ya bei yake, unalipa. Kodi hiyo, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1954, haiulizi mfukoni una nini. Wewe unatumia karibu kila unachopata, hivyo inagusa karibu kipato chako chote. Tajiri akitumia nusu na kuweka nusu, mwaka huo inagusa nusu tu ya kipato chake. (Jirani naye atoe risiti zake!) Kodi ya mapato ya ngazi ndiyo hupunguza pengo hilo kati yako na tajiri: kipato kikipanda, asilimia nayo hupanda.