Kitambaa cha kuanzia katika karakana ya mifarishi ya viraka, Wales

Dada yangu, umeuliza iwapo wanafunzi wa karakana yako ndogo huko mashambani Wales waanze na pamba au sufu. Ningewaanzishia pamba, kwa kuwa hukaa sawa ikipigwa pasi, huku ukisisitiza mshono wa robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa, maana ukizidi kidogo tu kwenye kila kiungo, safu nzima hupungua na pembe hazikutani. Hata hivyo, sufu usiiache kabisa: mfarishi ambao mshonaji James Williams wa Wrexham aliuunga kati ya 1842 na 1852, wenye picha za safina ya Nuhu na daraja la Menai la huko Wales, una vipande 4,525 vya sufu, nao umehifadhiwa katika makumbusho ya St Fagans. Ukiwekwa hadharani, tafadhali wapeleke wakautazame.