Klachi Haikati: Maswali Yenu, na Kwa Nini Pleti Zisubiri

Maswali ya klachi yamejaa tena. Nimechukua machache. Mengine nimeyaacha kwa sababu mwenye pikipiki hajasema hata inafanya nini. "Klachi mbovu, nifanyeje?" si swali.

Swali: Shikamoo fundi. Nikivuta klachi na kuweka gia ya kwanza, pikipiki inasogea yenyewe. Nikisimama, frii haipatikani mpaka nizime injini. Nimeambiwa pleti zimekwisha. Ninunue seti nzima?

Marahaba. Usinunue kitu bado. Pleti ni zile sahani za ndani ya klachi zinazobanana ili kupeleka nguvu ya injini kwenye gia. Zikikwisha huteleza: unafungua mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Yako ni kinyume chake, haikati: ukivuta, pleti haziachani. Aliyekuambia pleti zimekwisha alisikia neno klachi akataja kitu cha kwanza kilichomjia kinywani.

Anza mkononi. Vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka uhisi waya umeanza kukaza. Ulegevu huo ukipimwa kwenye ncha ya mkono, kwa pikipiki nyingi unatakiwa kuwa kati ya milimita 10 na 20. Ukikuta 40, sehemu kubwa ya mvuto wako inaishia hewani. Kaza kwa nati ya pale mkononi. Kama nati hiyo imeshatoka nje karibu nyuzi zake zote, irudishe ndani, kisha fanya marekebisho makubwa kwenye nati ya chini, upande wa injini, halafu ndiyo umalizie juu.

Sasa fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Chuchumaa kando ya injini, utazame kile kikono kidogo kinachovutwa na waya, huku mwenzako akivuta klachi. Kikono kinatakiwa kuanza kwenda mara tu ulegevu unapokwisha, na kiendelee kwenda mpaka mwenzako afike mwisho. Kama yeye ameshabana mpaka kwenye mpini na wewe umeona kikono kimetikisika tu, ugonjwa uko njiani: waya umerefuka, ganda lake limebonyea, umepitishwa kwenye kona kali, au nyuzi zinakatika mojamoja pale kwenye kichwa. Vuta ule mpira unaofunika kichwa uchungulie. Ukiona nyuzi mbili zimesimama kama ndevu, badilisha waya leo, usingoje ukukatikie njiani. Angalia pia tundu la bolti inayoshika mkono wa klachi. Likishakuwa na umbo la yai, milimita kadhaa zinapotelea hapo hapo, na mkono mpya ni kazi ya dakika kumi.

Mtauliza kwa nini naning'inia kwenye milimita. Ni kwa sababu kule ndani presha pleti, ile inayozibana pleti nyingine, huinuka milimita 2 tu hivi, au pungufu. Klachi yenye pleti 5 za msuguano ina nyuso 10 zinazotakiwa kuachana. Gawanya mwenyewe: kila uso unaambulia 0.2. Waya ukila nusu ya hiyo, pleti hazina pa kwenda, zitaendelea kusuguana hata ukivuta kwa mikono miwili.

Swali: Fundi, klachi inavuta. Nikaze waya?

Inavuta nini? Kama pikipiki inasogea na wewe umebana klachi, ulegevu umezidi, kaza. Kama injini inalia na mwendo hauongezeki, legeza, maana ukikaza hapo utaziunguza pleti ambazo labda zilikuwa nzima. Dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Nimeshalijibu hili mara nyingi na nitalijibu tena, lakini nitakuwa nimenuna.

Swali: Nina dumu la oili ya gari limebaki. Naweza kuweka kwenye pikipiki?

Msiniulize tena. Klachi ya gari lenye gia za mkono kwa kawaida ni kavu, iko nje ya injini. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari, hasa zile nyepesi zinazojisifu kwamba zinaokoa mafuta, zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta kwenye chupa maandishi JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini.

Ila wenye klachi isiyokata kosa lao huwa jingine: oili nzito mno, au imejazwa kupita alama. Kitabu kinasema 10W-40, mwenyewe anaweka 20W-50, iliyo nzito zaidi, "ili injini isile oili", kisha analalamika asubuhi gia zinagonga kama nyundo. Kama injini inakula oili, tafuta inakopitia. Na unapopima, pikipiki isimame wima. Ikiegemea stendi ya pembeni, alama itakudanganya na utaongeza oili isiyohitajika.

Swali: Gia ya kwanza inagonga asubuhi tu, baadaye iko sawa. Ni ugonjwa?

Hapana. Oili ya baridi imezishikanisha pleti. Kabla ya kuwasha, weka gia ya pili, vuta klachi, isukume pikipiki mbele na nyuma mara tatu nne. Ikiendelea kugonga injini ikiwa imeshapata moto, rudi kwenye swali la kwanza.

Swali: Nikiisimamisha kwenye stendi ya kati na kuweka gia, gurudumu la nyuma linazunguka japo nimevuta klachi.

Gusa breki: likisimama bila injini kuyumba, ni oili tu inayolisukuma. Breki, nimesema, si mguu wala mkono.

Swali: Nimefunga pleti mpya za bei nzuri, sasa frii haipatikani kabisa. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini ningeanza kwa kukuuliza wewe ulifanya nini. Je, ulizilowesha? Pleti mpya za msuguano zinatakiwa kulowa oili safi pande zote kabla hazijaingia. Wengi tunazilaza kwenye oili usiku mzima. Je, ulizipanga zilivyotoka? Kwenye baadhi ya injini pleti ya mwisho ya nje inakaa kwenye mfereji wake tofauti na wenzake, na ile ya ndani kabisa ina kipenyo kingine kwa sababu ya springi bapa iliyo chini yake. Ndiyo maana nasema piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Akili ya saa nne asubuhi si ile ya saa kumi na moja jioni ukiwa na mikono ya oili.

Na pleti za chuma, zile zinazokaa katikati ya za msuguano, ulizipima, au ulizipangusa ukazirudisha? Laza kila moja juu ya kioo. Pitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, pembeni. Kikomo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, na kwa nyingi ni kati ya milimita 0.1 na 0.3. Kumbuka ile 0.2 ya hapo juu: pleti moja iliyopinda kwa 0.3 inatosha kuumeza mgao wa wenzake. Ikiwa imegeuka rangi ya buluu, imeungua, usiisamehe.

Lakini ngoja niwaambie yangu. Pikipiki yangu ya cc 150 niliibadilishia pleti mara mbili kwa tatizo hili hili. Mara ya pili nilikuwa na hasira kiasi cha kumlaumu muuzaji. Ya tatu nikaamua kuitazama nyumba ya pleti yenyewe, ile yenye vidole ambavyo masikio ya pleti huteleza kati yake. Kwa macho ilikuwa safi, inang'aa. Nikapitisha ukucha kwenye ukingo wa kidole kimoja, ukakwama. Nikashuka kidogo, ukakwama tena. Kila pleti ilikuwa imejichimbia kitanda chake, na nikivuta klachi zilikuwa zinabaki zimelala humo. Pleti mpya ziliingia kwenye mashimo ya marehemu.

Mashimo yakiwa madogo, yasawazishe kwa tupa laini, kila kidole kiasi kilekile, ukisugua ukingo uwe bapa na usiuache na mteremko. Itoe nyumba nje ya injini kwanza, kwa sababu unga wa alumini ukiingia kwenye oili utasafiri mpaka kusikotakiwa. Mashimo ya kina kirefu hayana tupa, ni nyumba mpya. Anayekuambia atayajaza kwa kuchomelea, mshukuru uondoke.

Wakati wa kufunga, bolti za springi zikaze kwa msalaba, kidogo kidogo. Nyingi ni za milimita 6 na zinataka takriban N·m 10 hadi 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kisha basi. Zinaingia kwenye alumini. Nimeona watu wazima wakikaribia kulia kwa kuzidisha robo mzunguko.

Swali: Yangu haina waya, ni ya mafuta. Nikivuta mara moja haikati, nikipampu mara tatu inakata.

Hewa imeingia, au mpira wa pampu ya juu umechoka. Itoe hewa kwanza. Soma kifuniko cha kopo: kikisema DOT 4, aina ya mafuta ya breki, weka DOT 4. Zipo klachi zinazotumia mafuta ya madini, na ukichanganya hayo mawili mipira yote itavimba. DOT 4 hunyonya unyevu, kwa hiyo ibadilishe kila baada ya miaka 2 hata kama klachi haijasumbua. Viputo vikikataa kutoka, funga mkono wa klachi kwenye mpini kwa kamba ulale, asubuhi vingi vitakuwa vimepanda juu vyenyewe. Na funika tangi, hayo mafuta yanakula rangi.

Swali: Pikipiki yangu haina mkono wa klachi kabisa, lakini ikiwa kwenye gia inajivuta.

Kwanza teremsha mzunguko wa injini. Klachi hizo hushika zenyewe injini ikizidisha kasi, na nyingi zinataka kutulia kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Waliokuwa wameongeza ili isizime asubuhi wanajijua.

Swali: Nimefungua kava, gasketi imetoka nusu nzima. Naweza kuirudisha na silikoni?

Nusu nzima ni mbovu. Mimi hununua gasketi kabla sijashika spana. Jingine: klachi ikiwa upande wa kulia, iegemeze pikipiki kwenye stendi yake ya kushoto, na mara nyingi utafungua kava bila kumwaga oili yote.