Kifungo cha askari ukikiokota, usikisugue kwanza

Nyie mnaoanza kutembea na ditekta, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, kwenye mashamba ya huku Kent, Uingereza, naandika hii mana naona kila mgeni anarudia kosa langu la mwaka wa kwanza. Nilichimba kifungo cha shaba ya njano, kina namba ya kikosi katikati, nikakimbia nacho nyumbani utadhani nimeokota dhahabu, nikakilowesha kwenye ndimu na chumvi halafu nikakisugua na stilwaya ya masufuria. Kiling'aa kweli, sibishi. Ila namba ikabaki sifuri peke yake, tarakimu ya mbele imeondoka, mpaka leo sijui ilikuwa 20, 50 au 90. Na 50 ndio kilikuwa kikosi cha West Kent cha hapa hapa, yaani roho inaniuma.

Kwahiyo la kwanza, shimoni usiteme mate ukasugua kwa kidole gumba. Najua utatamani, wote tunatamani. Ule udongo una mchanga, na dhahabu iliyopakwa kwenye vifungo vya maofisa ni nyembamba mno, mipito miwili tu ishaondoka. Weka na udongo wake kwenye kifuko, andika shamba gani na upande gani, endelea na kazi.

Nyumbani geuza nyuma kabla ya mbele. Watu wanakodolea taji tu wakati nyuma pale kwenye kipete cha kupitishia uzi mara nyingi pana jina la mtengenezaji na mji wake, Firmin wa London kwa mfano au hawa wengi wa Birmingham, na majina na anwani zao zilibadilika kadri miaka ilivyoenda kwahiyo unapata umri hata kama mbele pameliwa. Ukikuta nyuma pameandikwa GILT au TREBLE GILT na mbele ni bapa hapana kitu, pole, hicho mara nyingi ni cha koti la raia tu.

Mbele sasa. Kijivu laini kama bati chenye namba ni cha askari wa kawaida kabla ya 1855, baada ya hapo wakapewa shaba. Mwaka 1871 wakaondolewa vya vikosi wakapewa kifungo kimoja cha jumla chenye simba na yule farasi mwenye pembe, maofisa wakaendelea na namba mpaka 1881 vikosi vilipopewa majina badala ya namba. Hicho cha simba ndicho mtakachookota zaidi, na msiniulize ni cha kikosi gani, hakisemi. Angalia taji lake tu: matao yakiwa ya mviringo kama kuba ni la wafalme, 1901 mpaka 1952, yakibonyea katikati ni la malkia, Elizabeth au Victoria kabla ya 1901. Charles kalirudisha lile la mviringo, kwahiyo kitu kipya kinachong'aa kisikudanganye.

Halafu msianze kuota vita. Shamba langu moja limetoa vifungo vya vikosi sita tofauti na hapajawahi kupigwa hata risasi, mana zamani matambara ya sufu yalikuwa yanaletwa kumwagwa kwenye mashamba ya hops, mmea wa kutengenezea bia, kama mbolea, makoti ya jeshi humo humo na vifungo vyake.

Kusafisha ni maji ya betri, nasema yale matupu sio yenye asidi, loweka masaa machache, badilisha, kisha kijiti cha meno chini ya lensi, fuata mstari wa mchoro taratibu. Ukiona rangi ya dhahabu inachungulia acha hapo hapo. Cha bati usikiloweke, kaushe udongo uudondoshe tu. Vile vya vipande viwili vyenye uwazi ndani navyo usiviache majini muda mrefu, bamba la mbele ni jembamba kama karatasi linapasuka. Brasso, siki, tomato sosi, hapana. Kikikauka kabisa paka nta nyembamba. Ukiona unga wa kijani mwepesi unarudi rudi, kiweke peke yake kwenye kikopo na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Ruhusa ya mwenye shamba lazima, na maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali usikanyage na mashine.

Kuna ndugu wananiuliza kuhusu likizo, wabebe ditekta waende nayo Taita Taveta, pale Salaita walipopigana Waingereza na Wajerumani Februari 1916. Jamani hapana. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, hufukui vya kale bila leseni, na ardhi iliyopigwa mizinga inaweza kuwa bado na bomu ambalo halijalipuka. Ditekta haijui kutofautisha bomu na kifungo, italia tu.