Petroli yenye ethanoli na gari la zamani: anza na mipira

Kama una gari la zamani na unatarajia kwenda nalo Malawi, badilisha mipira ya mafuta, ile inayopeleka petroli kwenye injini, kabla hujaondoka Moshi. Mimi niliibadilisha baada ya kurudi, na nusura niiunguze Land Rover aliyoniachia baba.

Ni Series III ya 1974, ya petroli. Nilikuwa nayo Mzuzu miezi mitano kikazi. Malawi wamekuwa wakichanganya petroli na ethanoli, yaani alkoholi, ya molasi tangu 1982, na mwanzoni sikuona tatizo. Gari lilikuwa zito kidogo mlimani, basi. Ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli, na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina kompyuta ya kujiongezea mafuta.

Shida ilikuja na mvua. Katikati ya wiki gari lililala tu, natoka nalo Jumamosi. Ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na matangi ya zamani yanapumua. Siku moja injini ikaanza kumisi. Nikafungua kikombe cha kioo cha pampu ya mafuta: chini yametulia maji, na ndani yake uchafu laini wa kahawia, kama machicha ya kahawa. Uchafu ule ulikuwa umeganda kwenye tangi miaka mingi, ethanoli ikaung'oa. Nilibadilisha filta mara tatu.

Hilo lakini ni dogo. Wiki ya pili baada ya kurudi, napanda kutoka Himo kwenda Marangu, nikasikia harufu ya petroli. Nikazima gari, nikafungua boneti. Mpira unaoingia kwenye kabureta ulikuwa umechanika pale penye klipu, petroli inadondokea injini ya moto. Nikiubonyeza kwa kucha, alama inabaki. Mpira wa zamani huvimba kwa ethanoli. Ukirudi kwenye petroli tupu unasinyaa na kupasuka. Wanangu wawili walikuwa wamekaa nyuma.

Kwa hiyo ukifika duka la spea usiombe tu mpira wa mafuta ukaondoka. Soma maandishi ya ubavuni, utafute SAE J30 R9, alama ya kiwango cha mpira unaohimili ethanoli. Mpira usio na maandishi yoyote, hata ung'ae vipi, uache hapo hapo. Na diaframu ya pampu, ule utando wa mpira ulio ndani yake, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kujua kama mafuta yana ethanoli ni rahisi. Chukua chupa nyembamba ya kioo, weka maji sehemu moja, piga alama, ongeza petroli sehemu tisa. Funga, tikisa, acha dakika kumi. Maji yakipanda juu ya alama, ethanoli imo. Fanyia nje, mbali na jiko.

Safari iliyofuata sikurudia kosa la kuliacha gari likae na mafuta yale. Kabla ya kuliegesha kwa wiki kadhaa nilifungua nati ya chini ya tangi, nikayamwaga yote kwenye dumu, nikampa jirani mwenye bodaboda ayatumie siku ile ile.